Cassien Yumo Chupani

Kabeza, Kigali
9 Februari 1992

Shangazi,

Shikamoo. Tena shikamoo ya pili, maana ile ya kwanza najua utaikataa kwa kuwa nimechelewa kuandika. Barua yako ya rambirambi ilifika ikiwa imefunguliwa na kugundishwa upya kwa kitu kama uji. Siku hizi posta wana njaa ya habari za watu, hasa habari zinazotoka nje ya nchi. Kitenge ulichomtumia Mama kilifika salama. Amekikunja akakiweka sandukuni, maana bado amevaa nyeusi. Anakaa Gahanga kama kawaida, analima kidogo, analalamika sana. Baada ya mazishi ya Baba watu wengi waliuliza, "Dada yake Cassien yuko wapi?" Nikawajibu una homa, kama ulivyotuma kusema.

Unaniuliza kama watu wa maabara wananitunza. Wanitunze kwa akili ipi? Nadhani sijawahi kukueleza mradi wenyewe. Kuna Wazungu fulani matajiri waliozeeka wakaona kifo kimekaa sebuleni mwao, basi wakaamua kugharimia utafiti wa kujua kwa nini chembe za mwili huzeeka. Daktari Eustache, ambaye alisoma Ubelgiji na mpaka leo hajatusamehe kwamba ilibidi arudi, akawaambia kazi hiyo inaweza kufanywa Kigali kwa gharama ndogo. Wakampa nyumba hapa Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, na hadubini mbili. Bwana mkubwa huyu anachunguza uzee wa watu wengine huku yeye akipaka nywele rangi nyeusi kila Jumamosi. Jumatatu ukosi wa koti lake unatoa ushahidi.

Chini yake yuko Théoneste, anayejiita mtafiti. Kitu pekee nilichomwona akikitafuta kwa bidii ni brosheti, mishikaki ya mbuzi. Kisha mimi, ambaye ninafanya kazi yao wote wawili na kuitwa msaidizi. Kazi yenyewe ni hii: tunakata kipande cha ngozi mkononi mwa mtu, kidogo kama punje ya mtama, tunakiweka chupani na chakula chake, halafu tunatazama chembe zake zitagawanyika hadi lini kabla hazijachoka na kukoma. Za mtoto huenda mbali, za mzee huchoka mapema. Hapo ndipo elimu yao ilipofika, na kwa elimu hiyo Eustache hasalimii watu asubuhi.

Utacheka nikikwambia kwamba chupa ya Baba bado ipo. Unakumbuka alivyojitolea mwaka juzi, akaja na suti na kofia kana kwamba anapigwa picha. Chembe zake zinaendelea kugawanyika vizuri tu, kuliko za vijana.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Ndihokubwayo, yule niliyekuandikia habari zake, Mrundi mwenye karakana ya kuchomelea milango na madirisha Kimisagara, anataka tuoane mwaka huu baada ya mavuno ya mtama. Kwao wamekubali. Lakini nyumba yetu bado ina matanga, na kwetu anayetoa neno la kuyaanua ni dada wa marehemu. Bila neno lako hakuna kwera ya kuvua nguo nyeusi, hakuna kunyoa, hakuna harusi. Kama huwezi kuja, tuandikie tu, na wazee wa Gahanga watalisoma mbele ya watu.

Mwanao,
Illuminée


Bukoba
30 Machi 1992

Illuminée,

Marahaba zote mbili. Mume wangu hajambo, mgongo unamsumbua lakini mdomo haumsumbui. Kahawa imechanua. Watoto wa dada yake wamejaa nyumbani, wanakula kama nzige na hakuna anayeosha sufuria.

Umeandika kurasa nne, na jambo lenye uzito umelitupa katikati kama mfupa kwa mbwa. "Chembe za Baba zinaendelea kugawanyika." Kisha unaniambia nitacheka.

Hapa jirani yuko mwalimu anaitwa Frederick, anafundisha elimu ya viumbe sekondari. Nilimwita, nikamtengea chai, nikamwuliza: kitu kinachogawanyika kiko hai au kimekufa? Akasema kiko hai. Nikamwuliza: kinakula nini humo chupani? Akajikuna, akasema, mama, hulishwa maji ya damu ya ndama aliyetolewa tumboni kabla ya kuzaliwa. Nilimnyang'anya kikombe na kumtoa nje.

Kaka yangu alikulia mgongoni mwa ng'ombe. Ndama akifa zizini hakulala wala hakula. Leo ninyi mnamnywesha damu ya ndama ambaye hajaliona jua, wewe binti yake ndiye unayemimina, na unamtukana Eustache kwa nywele zake! Nyani haoni kundule.

Unataka neno langu. Nitaanuaje matanga ya mtu anayekula? Mtoe huko, mzikeni pamoja na mwenzake aliye kaburini Gahanga, kisha mniandikie. Ndipo nitatoa neno. Huyo Mrundi wako aendelee kuchomelea madirisha, hayataoza.

Msalimu mama yako Médiatrice. Mwambie kitenge kisikae sandukuni sana, mende wa Gahanga nawajua.

Shangazi yako,
Mukagasana


Kabeza, Kigali
17 Mei 1992

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema mende wa Gahanga hawajafikia wale wa Bukoba. Anaumwa magoti. Mvua imekuwa nyingi, barabara ya kwenda kwake imekatika, nami huenda kwa miguu kila Jumapili ninayopata nafasi. Mjini kuna siku watu wanawahi kufunga milango, na hatuulizani kwa nini.

Barua yako niliisoma mara tatu nikidhani nimeelewa vibaya. Shangazi, wewe ndiwe uliyenilea Bukoba miaka yote ile ya sekondari, ukanichapa kwa sababu ya alama za hesabu, ukaniambia mwanamke asiyejua sayansi atadanganywa na kila mpita njia. Leo unaniletea habari za mtu anayekula chupani! Ukinyoa nywele, je, umebaki sakafuni? Ukikata kucha, tukuitie padri? Kipande kile kilikuwa kidogo kuliko ngozi ambayo Baba aliiacha kwenye mpini wa jembe kila msimu. Baba amezikwa mzima, nilikuwepo, nilimwona akishushwa. Wewe ndiwe ambaye hukuwepo.

Na usidhani kuna heshima kubwa humu ya kuogopewa. Ngoja nikupe picha ya hekalu lenyewe. Tuna chupa za watu kama Baba, na tuna chupa nyingine za kansa zilizoletwa kutoka Ulaya zikiwa zimegandishwa, za mwanamke fulani ambaye hata jina lake hatukuletewa. Hizo ni za kulinganisha, maana kansa haizeeki, hugawanyika tu bila breki. Mtu mwenye akili huzilisha hizo za mwisho kabisa, kwa mrija wake, kutoka chupa yake ya chakula. Théoneste yeye ana mrija mmoja. Anauchovya kwenye chakula, anakwenda kwenye kansa, anarudi kwenye chakula, anakwenda kwa wazee wetu. Nilimwambia abadilishe. Unajua alinijibu nini?

"Weye Iluminé, uko na kiburi mingi. Kwetu mtungi ni moja, na mrija ni moja, watu wote wanakunywa. Mwenye anakataa mrija ya mwenzake, huyo ndiye iko na sumu mu roho."

Nikamwambia hapa si kilabuni, hatunywi urwagwa, pombe ya ndizi. Akaenda kunishtaki kwa Eustache kwamba ninamdharau. Eustache akaniita, akanihutubia kuhusu umoja wa wafanyakazi, huku akitazama saa. Ni kweli ninamdharau, na hilo sikulikana.

Basi hao ndio unaodhani wamemfungia kaka yako. Hawawezi kufungia hata kuku. Nakuomba kwa heshima, tuma neno. Ndihokubwayo ameshanunua bati.

Illuminée


Bukoba
8 Agosti 1992

Illuminée,

Marahaba. Nimekaa kimya kwa sababu ulisema wewe ndiye uliyekuwepo na mimi sikuwepo. Maneno hayo niliyaweka kando mpaka yapoe, na hayajapoa sana, lakini mume wangu amesema mtu hagombani na mtoto wa marehemu.

Tuko wazima. Kahawa mwaka huu bei yake ni matusi. Binti wa shemeji amepata mimba na hataki kusema ya nani, ila kijiji kizima kinajua, hata mbwa.

Umeniuliza kuhusu nywele na kucha. Nywele zangu tangu nianze kunyoa hazijawahi kuomba chakula. Usinifanye mjinga kwa mifano ya darasa la nne. Elimu niliyokulipia mimi haikuwa ya kunijibu hivyo.

Mwalimu Frederick nimemsamehe kwa sababu nilikuwa na maswali. Anasema chupa hizo huwekwa katika kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Naye amesikia kwamba Kigali umeme unakatika. Ukikatika inakuwaje? Anapoa? Kuna jenereta, au kuna Théoneste tu? Na wewe unamtazama kila siku au unamwachia huyo mlevi wa mrija mmoja? Frederick anasema pia chembe zikijaa chupani zinabanana, lazima zihamishiwe nafasi kubwa. Nani anamhamisha? Ana nafasi? Cassien tangu utoto hakuweza kulala palipobana.

Usidhani nimelegea. Neno sitoi. Nakuuliza tu kwa kuwa nyie watu wa maabara, kwa maelezo yako mwenyewe, singewaachia hata mbuzi wangu kwa siku moja.

Mukagasana


Kabeza, Kigali
22 Novemba 1992

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti imenifikia Oktoba, na nimechelewa kuijibu kwa hasira, si kwa posta. Mama yuko hivyo hivyo. Nguo nyeusi imepauka mpaka imekuwa rangi ya majivu, na wanawake wa Gahanga wameanza kumwuliza kama amefiwa mara mbili. Hahudhurii arusi wala ubatizo. Anakaa na kitenge chako sandukuni akikungoja wewe.

Kwa maswali yako: jenereta lipo, huwashwa nami, kwa kuwa Théoneste huogopa kelele zake. Chupa ya Baba iko rafu ya pili. Joto lipo, nafasi ipo. Umeridhika? Nimejibu kama mtu anayeulizwa habari za mtoto wa bweni, na nimejionea haya.

Sasa sikia kazi niliyoifanya kwa ajili yako. Nilikwenda ofisini kwa Eustache kumwomba chupa ya Baba nikaizike, tuyamalize. Nilijishusha kabisa, nikamweleza desturi, kwera, shangazi, harusi. Alisikiliza akichezea kalamu. Kisha akasema, "Mademoiselle, hicho unachokiita baba yako ni mali ya mradi. Na mali hiyo sasa hivi ni muhimu kuliko baba yako alivyokuwa."

Nilidhani ananitukana tu, kumbe alikuwa na sababu. Chembe za Baba hazijachoka. Za wazee wengine zilikoma zamani, za watoto zimeanza kulegea, za mkulima wa miaka sitini na nane wa Gahanga zinapaa. Eustache amepagawa. Anasema amepata mtu asiyezeeka. Ameshaalikwa mkutanoni Nairobi mwezi wa pili, ameshashona suti, na Théoneste anatembea kifua mbele kana kwamba Baba alizaliwa na yeye. Watu hawa wawili, ambao hawawezi kukubaliana nani afagie, watasimama mbele ya wataalamu na jina la Cassien mdomoni.

Nami nina jambo la kukuuliza wewe, kwa kuwa umeniuliza mengi. Dereva mmoja wa lori wa Kibungo alikuja kumpa Mama pole. Anasema siku tulipomzika Baba, alimwona mwanamke kwenye daraja la Rusumo aliyefanana nawe sana. Ile homa yako ilikuwa homa gani?

Ndihokubwayo ameandikiwa na wazazi wake kutoka Bujumbura. Wanasema msichana ambaye matanga yao hayaishi ana mkosi. Amenisomea bila kusema anakubaliana nao au hakubaliani. Mwaka ujao hatakuwepo wa kuningoja. Ukitaka nizeeke bila mume ili kipande cha ngozi kiheshimiwe, niambie hivyo wazi, nimwambie aende zake.

Illuminée


Bukoba
1 Februari 1993

Mwanangu Illuminée,

Marahaba. Leo sina habari za kahawa wala za binti wa shemeji. Krismasi tulikula, Mwaka Mpya tukaumwa matumbo, basi.

Sikuwa na homa. Dereva wenu ana macho mazuri. Nilipata simu ya maandishi asubuhi, mchana nikawa garini, nikafika darajani na sanduku na kile kitenge. Kijana mmoja mwenye sare, ambaye ningeweza kuwa nyanya yake, akasoma karatasi zangu akasema nimezaliwa huko na ninaishi huku, na wakati wa vita mtu wa namna hiyo hapiti. Nikamwambia kaka yangu amekufa. Akasema kila anayekuja hapo ana kaka aliyekufa. Nikakaa chini kando ya malori. Maporomoko yale yanapiga kelele mpaka husikii hata kilio chako mwenyewe. Nilikaa mpaka dereva mwingine kutoka kwenu aliposema, mama, yule mzee wa Gahanga wameshamzika. Kitenge nikampa yeye akilete, nikamtuma awaambie nina homa. Nilikuwa naona aibu. Mukagasana anayegombeza wanaume wa soko zima, akarudishwa na mtoto kama kondoo aliyepotea zizi.

Basi nakuandikia neno ulilolitaka, nawe lipeleke kwa wazee wa Gahanga walisome: Mimi Mukagasana, dada yake Cassien, naanua matanga. Nyoeni. Médiatrice avue nyeusi avae kitenge. Illuminée aolewe na huyo Mrundi. Nimemtukana bure, mtu anayenunua bati kabla ya mke si mjinga.

Lakini nina sharti moja, na hili usiwasomee wazee. Chupa msiizike. Nilikwambia mzikeni kwa hasira, na kila ulipochelewa kujibu niliogopa kwamba umetii. Mimi sikuona jeneza, sikutupa udongo. Aliyeko Gahanga kwangu ni habari ya kuambiwa. Aliyeko kwenye rafu ya pili ndiye kaka yangu, na wewe mwenyewe umesema hachoki. Niliposoma hapo nilitoka nje nikacheka peke yangu. Mlishe, hata kama ni hiyo damu ya ndama, nimeshamwombea msamaha kwa Mungu. Wakati wa giza washa jenereta. Vita vikiisha nitakuja, nawe utanisimamisha kwenye hadubini hiyo nimwone.

Shangazi yako akupendaye,
Mukagasana


Gahanga
3 Februari 1993

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kwa Mama, maana kazi sina tena, na naapa sijalala vizuri hivi tangu niajiriwe. Mama amepika maharage na viazi, anakusalimu, anasema usijali kuhusu hasira zangu za Novemba. Mimi sizifuti, ila nina habari itakayozimaliza zote.

Eustache alitaka picha za kupeleka Nairobi. Akaniagiza nizitazame chembe za Baba kwa undani, ndani kabisa, pale ambapo kuna vijiti vidogo vinavyoonyesha kama chembe ni ya mwanamume au ya mwanamke. Nikatazama. Hakuna hata moja ya mwanamume. Nikadhani nimekosea chupa, nikarudia, nikafungua na akiba tuliyogandisha, nikatazama mpaka macho yakauma. Zote ni za mwanamke, na vijiti vyake vimezidi na kuvurugika, kama ilivyo kansa.

Umeshaelewa? Ni yule mwanamke wa Ulaya. Théoneste na mtungi wake mmoja na mrija wake mmoja! Tone la kansa liliingia kwenye chakula, likafika kwa Baba, likala, likajaa. Chembe za Baba zilikuwa za mzee, zilichoka zikafa kama za wengine, na nadhani ziliisha hata kabla ya yeye mwenyewe kuugua. Mtu asiyezeeka wa Daktari Eustache hajawahi kuwepo. Wewe na mimi tumegombana mwaka mzima juu ya uvimbe wa mgeni.

Nilimpelekea Eustache matokeo. Alitazama muda mrefu, na nakuhakikishia aliona, si mjinga kiasi hicho. Kisha akasema, "Hadubini yako chafu, Mademoiselle. Nairobi ni wiki ijayo." Théoneste aliyekuwa mlangoni akaitikia, "Eeh, iko chafu sana, mimi niliona." Nikawatazama wote wawili, mmoja na nywele zake za kiwi, mwingine na mafuta ya brosheti kidevuni, nikaona kwamba jina la Baba litasafiri Nairobi mikononi mwa watu hawa. Nikarudi kwenye kabati. Nikazitoa zote, za rafu ya pili na za barafuni, nikazimimina katika ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu. Théoneste akapiga kelele kama aliyeibiwa ng'ombe. Eustache akanifukuza kwa Kifaransa. Nimetoka na mwavuli wangu.

Kwa hiyo sasa huna kisingizio. Baba hayumo chupani, na hakuwemo wakati wote uliokuwa ukiuliza kama amepoa. Yuko Gahanga tu, hapa nyuma ya nyumba, kama nilivyokwambia tangu mwanzo. Hakuna anayekula. Tuma neno, Shangazi, tuyamalize.

Illuminée


Bukoba
10 Aprili 1993

Illuminée,

Marahaba. Barua yako imenifikia Alhamisi Kuu, ikiwa imefunguliwa kama kawaida. Barua zetu zimepishana njiani, na nadhani yangu umeshaisoma, kwa kuwa umekuwa kimya. Usiniandikie kuniomba radhi. Ulifanya kazi yako sawasawa, na hao wawili walistahili ndoo nzima kichwani.

Neno nililolitoa Februari silirudishi. Matanga yenu yameanuliwa. Ndihokubwayo asingoje zaidi, na Médiatrice acheze ngoma, magoti yakimruhusu. Frederick amenieleza habari za vile vijiti, akanichorea kwenye karatasi, na safari hii nilimwacha amalize chai yake. Alipoondoka nikafunga mlango. Ulisema kweli, mwanangu, sikatai. Ila kuanzia barua yako ya kwanza mpaka hii ya mwisho nilikuwa na kaka, nikimgombania, nikimwuliza hali, na wewe ukinijibu yuko rafu ya pili.

Nimenyoa nywele, maana huku mfiwa hunyoa siku ya kuanza matanga. Majirani wameleta mikeka, wamekaa uani, na wanawake wanapika. Wanauliza kaka yangu amekufa lini, nami nawaambia wiki hii, habari zake zimekuja kwa posta. Mume wangu ananitazama, hanisahihishi.

Harusini msiningoje. Mfiwa haendi arusini, na mimi ndiyo kwanza nimefiwa.

Mukagasana